Kabla hujadai nyongeza: jua mstari wako, saa zako na kapu lako

Tangu Oktoba 2025, kima cha chini kipya cha mshahara wa sekta binafsi Tanzania kilipotangazwa, watu wananisimamisha sokoni na stendi wakiwa na swali lile lile: "Dada, mbona tajiri yangu hanilipi ile laki tatu na hamsini na nane?" Anayeuliza ni mhudumu wa gesti, au mlinzi wa ghala la korosho, au binti anayelea watoto wa watu kule Shangani, hapa Mtwara. Redioni amesikia kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322, amesikia kwamba inaanza 1 Januari 2026. Januari imepita na mshahara umeingia vile vile.

Mimi ni mtu wa mapokezi katika nyumba ya wageni hapa Mtwara mjini, na wenzangu wamenichagua niwe mwakilishi wao wa chama cha wafanyakazi. Haya ninayoyaandika nimeyapata kwa kusoma sheria za kazi na kukaa na watu mezani na kikokotoo cha simu, slipu baada ya slipu, nikiwasindikiza wengine hadi kwa afisa kazi. Nayaandika kwa sababu inaniuma kuona mtu mwenye haki yake anarudi mikono mitupu kwa kuwa alidai namba isiyo yake.

Namba ya redioni ni wastani

Hiyo 358,322 ni wastani wa sekta zote ukizichanganya pamoja. Hakuna tajiri anayedaiwa kuilipa kama ilivyo. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ni jedwali refu: kuna kilimo, biashara na viwanda, hoteli, ulinzi binafsi, kazi za nyumbani, ujenzi, uvuvi, shule binafsi, afya, madini, nishati, mawasiliano na nyinginezo, na kila sekta ina kiwango chake. Tofauti kati ya mstari wa chini na wa juu ni kubwa mno. Kwenye Amri ya 2022, iliyotumika hadi mwisho wa 2025, mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri aliwekewa 60,000 kwa mwezi, wa shambani 140,000, wa gesti, baa na mgahawa 150,000, na wakati huo huo kulikuwa na sekta zilizovuka laki tano. Wastani wa vitu vilivyoachana hivyo haumwambii mhudumu wa Ligula hapa mjini chochote kuhusu mfuko wake.

Kuna na namba nyingine inayochanganya watu, nayo ni laki tano. Hiyo ni ya watumishi wa umma. Rais aliitangaza Mei Mosi ya 2025 pale Singida, ikatoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai mwaka ule. Kama umeajiriwa na mtu binafsi, usiitaje kabisa mbele ya mwajiri. Ukiitaja atajua hujasoma, na baada ya hapo hata la kweli utakalosema atalipokea kwa mashaka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuipata Amri yenyewe ya 2025. Ofisi ya kazi ya mkoa wanayo, vyama vya wafanyakazi wanayo, na kwenye simu inapatikana ukitafuta kwa jina lake. Ukiipata, usianze na kazi yako. Anza na biashara ya mwajiri. Mlinzi aliyeajiriwa moja kwa moja na hoteli yuko kwenye sekta ya hoteli. Mlinzi aliyeletwa hapo na kampuni ya ulinzi yuko kwenye ulinzi binafsi, japo wanasimama geti moja. Halafu tazama daraja ndani ya sekta. Hoteli kubwa za kitalii zina kiwango chao, za kati chao, na gesti, baa na migahawa chao. Ukishaona mstari, uone na safu zake, maana kima kimepangwa kwa saa, kwa siku, kwa wiki, kwa wiki mbili na kwa mwezi. Kibarua anayepakia magunia ghalani msimu wa korosho ana safu yake ya siku. Asikubali kuambiwa kwamba kima cha chini ni cha watu wa mwezi tu.

Wabanguaji wa korosho, ambao wengi ni mama zetu na hulipwa kwa kilo, wafanye hivi: chukua malipo ya wiki nzima, gawa kwa saa ulizokaa kazini, jibu uliweke pembeni ya kima cha saa cha sekta yako. Likiwa dogo kuliko kima, umepata hoja ya kumpelekea afisa kazi. Lakini hesabu hiyo haifanyiki kama huandiki kilo zako na saa zako kila siku, kwa mkono wako mwenyewe. Karatasi ya msimamizi haitoshi.

Na wewe unayesoma haya huku nyumbani una dada wa kazi, mstari wake nao usome.

Haki ni moja, ombi ni jingine

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Kama unalipwa chini ya mstari wako, unadai haki. Mwajiri hana cha kufikiria, wala huhitaji kueleza una watoto wangapi au unga umepanda kiasi gani. Kama unalipwa sawa na mstari wako au juu kidogo, na maisha yamekushinda, basi unaomba nyongeza. Hapo sheria haimlazimishi. Itabidi umshawishi, na utahitaji hesabu ya maisha yako.

Nimeona mtu anayelipwa chini ya kima akiingia ofisini na kilio cha bei ya mchele. Bosi akamhurumia, akampa elfu kumi juu, akatoka anashukuru, na bado yuko chini ya kima. Nimeona na mwingine anayelipwa juu ya kima akiingia na vitisho vya kushtaki, akatoka na adui. Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo, amua uko upande gani. Na kama mshahara wako tayari uko juu ya kima kipya, mwajiri haruhusiwi kukushusha kwa kisingizio cha Amri.

Saa zako

Mstari wa mwezi unasimama juu ya saa 45 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inasema siku sita kwa wiki, saa tisa kwa siku, jumla isivuke 45. Ukizidisha 45 kwa wiki 4.333 za mwezi unapata saa 195. Ishike hiyo 195, ndiyo ufunguo wa hesabu zote: mshahara wa msingi gawa kwa 195, umepata thamani ya saa yako moja.

Chukua mlinzi wa ghala anayelipwa 195,000 kwa mwezi, nimeichagua ili hesabu iwe nyepesi. Saa yake ni shilingi 1,000. Anaingia saa kumi na mbili jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi, usiku sita kwa wiki. Sheria inampa mapumziko ya saa nzima baada ya kufanya kazi saa tano mfululizo, na saa hiyo haihesabiwi kama ya kazi. Lakini huyu yuko peke yake, geti haliachwi, kwa hiyo hapumziki. Ni saa 72 kwa wiki. Ondoa 45, zinabaki 27 za ziada. Ovataimu inalipwa mara moja na nusu, yaani 1,500 kwa saa: 40,500 kwa wiki. Kwa mwezi ni karibu 175,000 juu ya mshahara wake. Halafu kuna usiku: kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri kila saa inaongezwa asilimia 5, ambayo kwake ni shilingi 50, mara saa kumi, 500 kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo mlinzi huyu, ambaye kila mtu anasema "analipwa vizuri, amepita kima", kiukweli analipwa takribani nusu tu ya anachostahili. Na hapo sijagusa kwamba ovataimu yenyewe ina ukomo wa saa 50 katika wiki nne, na yeye anafanya 108. Hii ndiyo sababu siangalii mshahara wa mtu kabla sijamuuliza anaingia saa ngapi na anatoka saa ngapi. Siku ya mapumziko ya wiki ukifanya kazi inalipwa mara mbili. Sikukuu vilevile, Idi, Pasaka, Nane Nane.

Angalizo moja: sheria inaruhusu makubaliano ya maandishi ya kufanya hadi saa 12 kwa siku bila ovataimu, lakini kwa siku tano tu na jumla ileile ya saa 45. Mwajiri akikuambia "ulisaini", mwombe karatasi, kisha hesabu saa za wiki. Zikivuka 45, sahihi yako haiondoi kitu.

Anza leo kuandika saa za kuingia na kutoka. Kama kazini kuna kitabu cha mahudhurio, piga picha ukurasa wako kila mwisho wa wiki, maana vitabu hivyo hupotea mgogoro ukianza.

Slipu ya mshahara

Mwajiri anapaswa kukupa maandishi yanayoonyesha mshahara, makato na sababu za makato. Ukilipwa mkononi bila karatasi, omba hata iandikwe kwa kalamu.

Makato ya kawaida ni mawili. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 kwa jumla, na wewe hukatwi zaidi ya asilimia 10. Kodi ya mapato inaanza pale kinachobaki baada ya NSSF kinapovuka 270,000, na hapo ni asilimia 8 ya kile kilichozidi. Mwenye mshahara wa 300,000 anakatwa 30,000 ya NSSF, anabaki na 270,000 kamili, hana kodi. Mwenye 400,000 anakatwa 40,000, inabaki 360,000, kodi ni asilimia 8 ya 90,000, yaani 7,200. Anaondoka na 352,800. Slipu yako ikisema vingine, uliza. Mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, ni wa mwajiri peke yake. Ukiuona kwenye makato yako, haupaswi kuwepo. Na usiridhike kuona NSSF imekatwa. Nenda ofisini kwao uombe taarifa ya michango uone kama imefika.

Makato ya hasara ndiyo yanayoumiza sana watu wa gesti na maghala. Shuka limepotea, glasi imevunjika, kilo za korosho zimepungua kwenye mizani, mwisho wa mwezi unakuta pengo. Mahali nilipofanya kazi zamani tulikuwa tunakatwa wote wa zamu, bila kuulizwa. Sheria haitaki hivyo. Mwajiri aandike hasara ni ipi, ni ya kiasi gani na ameikokotoaje, akupe nafasi ya kujitetea, wewe ukubali kwa maandishi, na makato yote yasizidi robo ya mshahara.

Tazama pia mshahara wa msingi na posho. Wapo wanaoandika msingi mdogo na posho kubwa. Unaona jumla nzuri, lakini ovataimu na kiinua mgongo vinakokotolewa kwenye msingi.

Kapu lako

Sehemu hii ni ya wale wanaoomba nyongeza juu ya kima, na ndiyo ninayoipenda, kwa sababu inamfanya mtu aone maisha yake kwa tarakimu.

Takwimu za taifa zinaweka mfumuko wa bei kwenye asilimia 3 na pointi kwa mwaka. Sizipingi. Zinapima kapu la nchi nzima, na ndani yake kuna samani, magari, hoteli na simu za bei. Kapu la mtu wa laki na nusu wa Magomeni au Chikongola hapa Mtwara ni unga, mchele wa siku mbili tatu, mafuta ya kupima, dagaa, mboga, mkaa, sabuni, luku (umeme wa kulipia kabla), nauli na kodi ya chumba. Hilo lina mwendo wake, na wewe ndiye unayeweza kulipima.

Nunua daftari dogo. Chagua vitu kumi na viwili unavyonunua kila wiki bila kukosa. Kwa kila kimoja andika kipimo, bei, duka au meza uliponunua, na tarehe. Duka liwe lile lile, siku ya wiki iwe ile ile. Ukinunua nyanya leo Soko Kuu na wiki ijayo kwa Mangi wa mtaani, umepima maduka mawili, hujapima bei.

Kipimo ndiyo roho ya daftari hili. Bei nyingi sokoni kwetu hazipandi kwa namba, zinapanda kwa fungu. Fungu la nyanya la 500 lilikuwa na nyanya tano, leo lina tatu, na mama muuzaji bado anakuambia mia tano. Ukiandika "nyanya 500" kila wiki, daftari litasema maisha hayajabadilika. Ukiandika "nyanya tano, 500" kisha "nyanya tatu, 500", utaona kwamba nyanya moja imetoka 100 hadi karibu 167. Dagaa wa fungu wabebe hadi duka lenye mizani, omba wapimiwe, andika gramu. Kopo la mkaa angalia kitako, kuna yaliyobonyezwa ndani. Mafuta ya kupima uliza ni mililita ngapi, na kama muuzaji hajui, mimina kwenye chupa ya maji ya nusu lita utie alama. Andazi la asubuhi nalo limepungua. Liandike kama unalila kila siku.

Kodi ya chumba, hata kama mwenye nyumba anachukua ya miezi mitatu au sita kwa mpigo, igawe uandike ya mwezi. Luku andika uniti, siyo pesa tu. Ukiona uniti zimepungua kwa pesa ile ile, kumbuka kuna kodi ya jengo ya 1,500 inayokatwa humo kila mwezi, ambayo kisheria ni mzigo wa mwenye nyumba na unaweza kumwomba akupunguzie kwenye kodi. Na mnaochangia mita moja familia tatu mnavuka uniti 75 kwa mwezi, mnaondolewa kwenye bei ya wateja wadogo. Hilo ni la kumaliza na mwenye nyumba, bosi hahusiki.

Deni la kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, usiliweke kwenye daftari la kumwonyesha mwajiri. Liandike pembeni kwa ajili yako. Ukimwonyesha, mazungumzo yatahama kutoka kwenye bei ya unga hadi kwenye tabia zako.

Halafu linganisha mwezi na mwezi mwenzake wa mwaka uliopita. Huku kwetu bei zina majira. Oktoba minada ya korosho inapoanza na pesa za vyama vya msingi vya wakulima zinapoingia vijijini, Tandahimba, Newala, Masasi, Nachingwea, kila kitu mjini kinachangamka: samaki, bodaboda, vyumba. Masika ni habari nyingine. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam ilikatika upande wa Somanga kule Kilwa, na sisi tunaoletewa vitu vingi kwa njia hiyo tulikuwa kwenye mkao wa kusubiri. Ukilinganisha Mei ya namna hiyo na Agosti, kisha ukasema maisha yamepanda au yameshuka, mwajiri mfanyabiashara atakukamata pale pale. Agosti kwa Agosti hawezi kuipinga.

Mwisho wa hesabu upate namba moja. Tuseme kapu la mwezi limetoka 118,000 hadi 131,000. Limeongezeka 13,000, sawa na asilimia 11. Mshahara wako ni 170,000. Asilimia 11 yake ni 18,700. Hiyo ndiyo unayoomba. Usizungushe hadi elfu hamsini ukitegemea kupunguziwa, kwa sababu nguvu yako yote iko kwenye kuweza kuonyesha kila shilingi imetoka wapi.

Kuingia kwa tajiri

Wakati una maana. Gesti, mgahawa, usafiri, maghala, wote hapa wanapanga fedha zao kwa kutazama korosho. Septemba mwajiri anapiga hesabu za msimu, anajua pesa inakuja. Machi vyumba viko wazi na anawaza jinsi ya kulipa umeme. Omba Septemba. Kama unadai haki ya kima, usisubiri Septemba wala mwezi wowote.

Usimvamie. Omba muda kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, naomba unipe nafasi kesho wageni wakishaondoka, tuzungumze habari ya mshahara wangu. Kuna hesabu nimeiandika, ningependa uione."

Kesho yake kaa, fungua daftari, mpe alishike mwenyewe. Sema machache: "Mama, hivi ni vitu kumi na viwili vya nyumbani kwangu, Agosti ya mwaka jana na Agosti hii. Vimeongezeka elfu kumi na tatu. Naomba mshahara uongezeke elfu kumi na nane na mia saba kuanzia Oktoba." Kisha nyamaza, mwache asome.

Jibu utakalolipata nalijua: "Mwanangu, hata mimi unga nanunua bei hiyo hiyo." Ni kweli, na usimbishie. Mwenye gesti ndogo wa Masasi au Lindi naye analipa leseni, kodi, umeme na maji. Mwambie, "Ni kweli mama, tangu masika vyumba vimekuwa wazi. Tuandike basi ianze Novemba, vyumba vikishajaa." Umempa nafasi ya kukubali bila kuumia. Akisema nusu sasa na nusu Januari, kubali, lakini iandikwe, tarehe na sahihi mbili, kila mtu na nakala yake. Akikupa chakula cha zamu au nauli ya usiku badala ya pesa, pima thamani yake kwa mwezi kabla hujasema ndiyo. Mshahara wa mwenzako usiutaje. Yule ataitwa baada yako na kuulizwa kwa nini anatangaza.

Kama ni haki, maneno yanabadilika. Mpe nakala ya ukurasa wa Amri uliotia alama: "Mama, mstari wetu ni huu, umeanza 1 Januari 2026. Mimi nalipwa hiki. Naomba uturekebishie, na tofauti ya miezi iliyopita ilipwe." Akikuambia hawezi, mweleze kwa heshima kwamba viwango hivyo vilipita kwenye bodi za mishahara ambako wawakilishi wa waajiri walikaa, na uwezo wa biashara ni moja ya mambo ambayo sheria inataka yatazamwe kabla ya kima kupangwa. Ikiwezekana msiende mmoja mmoja. Wahudumu wanne wenye karatasi moja hawafukuzwi kirahisi kama mmoja.

Akikataa haki yako

Nenda kwa afisa kazi wa mkoa. Ana mamlaka ya kuingia kazini kwenu bila taarifa, kukagua vitabu vya mishahara na kumwandikia mwajiri amri ya kutekeleza sheria. Faida ya njia hii ni kwamba ukaguzi unagusa wafanyakazi wote, jina lako si lazima litangulie.

Njia nyingine ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Hakuna ada. Unajaza fomu namba moja, unampa mwajiri nakala na kupata uthibitisho kwamba ameipokea, ndipo unaiwasilisha. Kwanza mnakaa kwa msuluhishi, ana siku 30. Mkishindwana mnaenda kwenye uamuzi. Mwakilishi wa chama chako anaweza kukaa upande wako. Tarehe ndizo zinazowaua watu: kama umefukuzwa una siku 30 tu, madai mengine kama mapunjo ya mshahara siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Ukichelewa itabidi uombe kwanza kuongezewa muda na ueleze sababu. Kwa hiyo ahadi za "njoo mwezi ujao" zihesabu kwa kalenda.

Wengi wanaogopa kwa sababu hawana mkataba. Kuandika masharti ya kazi ni wajibu wa mwajiri, na asipoyaleta, yeye ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana. Wengine wanaambiwa "wewe si mwajiriwa, unatusaidia tu." Kama umemfanyia mtu huyo kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, au unafuata maelekezo yake na kutumia vifaa vyake, sheria inakuchukua kuwa mwajiriwa hadi yeye athibitishe vingine.

Siku ya kwenda beba kitambulisho, slipu au ujumbe wa malipo kwenye simu (usifute ujumbe wa M-Pesa wa mshahara hata mmoja), picha za kitabu cha mahudhurio, daftari lako la saa, ukurasa wa Amri, na karatasi moja uliyoandika: nalipwa kiasi hiki, kima changu ni hiki, tofauti kwa mwezi ni hii, miezi ni hii, jumla ni hii. Karatasi hiyo iandike nyumbani usiku uliotangulia, uirudie kwa kikokotoo mara mbili, na umpe mtu mmoja unayemwamini aihakiki. Daftari la bei liache nyumbani. Kule halitaulizwa.